Shajara ya Mradi: Kubomoa Hoteli Kongwe Katikati ya Mji wa Lindi

Mwisho wa Mei: makabidhiano na ukaguzi

Eneo la kazi limekabidhiwa kwa mkandarasi wa ubomoaji. Jengo ni hoteli kongwe ya ghorofa moja iliyopo katikati ya mji wa Lindi, si mbali na ufukwe, ambayo warithi wake wameiuza kwa mwekezaji anayekusudia kujenga hapo maduka, ofisi na vyumba vya kulala wageni. Sababu za kibiashara hazihitaji maelezo marefu: tangu Likong'o, ndani ya manispaa hii hii, ilipoteuliwa kuwa mahali pa kiwanda cha gesi asilia, kila mwenye kiwanja karibu na bahari amekuwa akikipigia hesabu upya. Mimi ninasimamia kazi kwa niaba ya mhandisi mshauri, na shajara hii inaandikwa kwa ajili ya watakaojenga juu ya kiwanja hiki, na pia kwa wenye majengo ya aina hii, ambayo bado ni mengi kuanzia Kilwa hadi Mikindani.

Ukaguzi umechukua muda mrefu kuliko mwekezaji alivyopenda, lakini umebainisha jambo litakaloamua kazi yote: hii si nyumba moja, ni nyumba tatu zilizoshikana. Sehemu ya mbele inayotazama barabara ni nyumba ya duka iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yenye kuta za unene wa nusu mita na zaidi, na vyumba vyembamba ambavyo upana wake uliamuliwa na boriti za mikoko, kwa kuwa boriti hizo hazivuki kwa usalama nafasi inayozidi mita tatu hivi. Juu yake kuna ghorofa ya matofali ya saruji iliyoezekwa kwa bati, ambayo wazee wa mtaa wanasema iliongezwa baada ya kimbunga cha Aprili 1952 kuezua paa la awali. Nyuma, kuzunguka ua, kuna jengo la zege la nguzo na mihimili, lililoezekwa kwa asibestosi.

Umri wa sehemu hizi unakwenda sambamba na bahati ya mji. Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini hadi mwaka 1952, yalipohamishiwa Mtwara, mji uliokuwa ukijengwa upya kwa ajili ya bandari ya ule mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwenye mashamba makubwa. Hivyo hoteli ilipata ghorofa wakati ule ule ilipopoteza wageni wa serikali. Mkoa wa Lindi ulipoanzishwa mwaka 1971 wageni hao walirudi, na jengo la nyuma ni la miaka iliyofuata. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kwenda Dar es Salaam alitegemea kivuko cha Rufiji, na mvua ikizidi barabara haikupitika. Nadhani wenye hoteli ndio watu pekee mjini ambao hawakuilaumu mvua hiyo.

Mwekezaji ameuliza, kwa adabu lakini zaidi ya mara moja, kwa nini katapila lisiletwe likamaliza kazi ndani ya wiki. Jibu nililompa ni kwamba ukuta wa upande mmoja wa sehemu ya mawe si wa hoteli peke yake. Nyumba ya jirani haina ukuta wake upande huo: boriti zake za dari zimeingia katika ukuta ule ule, kutoka upande wa pili. Chokaa ya zamani ni laini, msumari unaweza kuikwangua, na ukuta wa namna hiyo haushikwi na nguvu ya udongo wake, unashikwa na uzito wake na boriti zinazoufunga huku na huku. Ukiusukuma kwa mashine upande mmoja, hujui utaishia wapi kuanguka. Tumekubaliana kwamba sehemu ya mawe na ghorofa yake vitashushwa kwa mikono, na mashine itatumika kwenye jengo la zege tu, baada ya kutenganishwa kabisa na sehemu ya mbele.

Juni: vibali, umeme na paa la asibestosi

Kibali cha kubomoa kimetolewa na manispaa, na eneo la kazi limeandikishwa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Maji yamekatwa na LUWASA. Umeme umekatwa na TANESCO kwenye nguzo, si kwenye swichi kuu, na tahadhari hiyo ilikuwa na maana: fundi umeme alipopima tena alikuta waya mmoja wa jengo la nyuma bado una moto, kwa sababu uliunganishwa zamani kupitia duka la pembeni. Katika nyumba iliyopanuliwa vipindi vitatu, swichi kuu haina ukuu wowote.

Asibestosi ndiyo iliyotutangulia katika kazi yenyewe, kwa kuwa haifai kuachwa juu wakati nyundo zinafanya kazi chini yake. Karatasi hizi zikiwa nzima na zimetulia hazina madhara makubwa. Hatari huanza zinapovunjwa, zinapokatwa kwa msumeno au kutupwa chini, kwani nyuzi zake ni nyembamba kiasi cha kuelea hewani bila kuonekana, na ugonjwa wa mapafu au saratani inayotokana nazo huweza kuchukua miaka 20 hadi 40 kabla ya kujitokeza. Mtu anayeumia leo hatakuwa na ushahidi wowote wa kumwonyesha mwajiri wake wa leo. Kwa hiyo paa lote lililoweshwa kwanza kwa maji yenye sabuni, kwa kutumia pampu za mgongoni za aina inayopuliziwa dawa kwenye mikorosho, ambazo zimenunuliwa mpya na hazitarudi shambani. Skrubu na boliti zilifunguliwa au kukatwa moja moja, karatasi zikashushwa kwa mikono zikiwa nzima, zikafungwa kwa naironi tabaka mbili, zikaandikwa alama na kupelekwa kufukiwa mahali palipoelekezwa kwa mujibu wa masharti ya taka hatarishi. Wafanyakazi walivaa barakoa zenye kichujio na ovaroli za kutupwa. Barakoa za kitambaa zilikataliwa getini.

Majirani kadhaa walikuja kuomba karatasi chache za kuezekea jiko au banda la kuku, na hawakuelewa kwa nini kitu kizima kinafukiwa ardhini. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alituita tueleze mbele ya mkutano wa wakazi. Tulieleza, lakini nina shaka kama maelezo yetu yalitosha, kwa kuwa nyumba za serikali za zamani katika miji yetu bado zina paa hizo hizo na watu wamelala chini yake miaka yote.

Julai: mlango

Mlango wa mbele ni wa mbao za kuchonga, wenye mbao mbili, mfaa katikati (mti wa kusimama pale mbao hizo zinapokutana), na miimo iliyojaa nakshi za maua na minyororo. Uchakavu wake na namna ulivyojengewa ndani ya ukuta wa mawe vinaonyesha kwamba ni wa umri mmoja na ukuta wenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu milango na miimo iliyochongwa hapa nchini kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vinavyolindwa, hata kama jengo lenyewe halilindwi. Jambo hili wakandarasi wengi hawalijui. Kwa hiyo kazi ya upande wa barabarani ilisimama hadi Idara ya Mambo ya Kale ilipotoa maelekezo, na mlango haukuguswa kabla ya hapo.

Katika kipindi hicho alifika mtu aliyejitambulisha kuwa mnunuzi wa vitu vya kale, akamwendea msimamizi wa vibarua badala ya kuja ofisini. Fedha aliyotaja ilikuwa kubwa kwa kibarua na ndogo sana kwa mlango. Niliagiza mlinzi wa usiku aongezwe na uzio wa mabati upandishwe.

Mlango umetolewa na maseremala wawili kwa utaratibu huu. Mirunda ilisimamishwa ndani na nje kubeba kizingiti cha juu na mawe yaliyo juu yake. Chokaa ya pembeni ikachimbuliwa kwa tindo ndogo, kuanzia chini kwenda juu, hadi miimo ikalegea yenyewe bila kugongwa. Ncha za chini za miimo zilikuwa zimeliwa na unyevu, hasa mahali ambapo mtu fulani wa zamani alipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Saruji huziba, unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, ukaingia kwenye mbao. Kila kipande kimeandikwa namba nyuma, kimepigwa picha, na chote kimewekwa katika ghala la manispaa, juu ya mbao, si sakafuni.

Mwisho wa Julai: ghorofa na boriti

Ghorofa ya matofali imeshushwa bila tukio. Bati limeuzwa, kenchi zimevunjwa, matofali yamevunjwa kutoka juu tabaka kwa tabaka, na hakuna kifusi kilichoruhusiwa kurundikana juu ya dari ya boriti, maana dari hiyo tayari ilikuwa inabeba tabaka nene la mawe madogo na chokaa iliyofinyangwa, uzito ambao haikupaswa kuongezewa hata mtu mmoja asiye na kazi.

Boriti zenyewe zimenipa furaha ambayo sikuitegemea katika mradi wa kubomoa. Sehemu ya katikati ya nyingi ni ngumu kiasi kwamba msumeno wa mkono ulichoka kabla yake, mchwa haukuingia. Zilizooza ni ncha tu, sentimita chache zilizokuwa ndani ya ukuta, na nyingi za hizo ziko upande ule ule wa lipu ya saruji. Zikikatwa ncha zinakuwa fupi mno kwa chumba kingine cha aina hiyo, lakini zinafaa kwa vizingiti na baraza. Ukataji wa mikoko sasa unahitaji kibali, na matumbawe hai hayaruhusiwi kuchimbwa tena baharini, ingawa pwani hii ya kusini ilikuwa maarufu kwa kuyachoma kupata chokaa. Maana yake ni kwamba atakayetaka kukarabati nyumba ya mawe kwa vifaa vyake vya asili hana pa kuvipata isipokuwa kwenye nyumba nyingine inayobomolewa. Nimependekeza kwa maandishi kwamba boriti nzima, pamoja na mawe laini yaliyochongwa kwenye miimo ya madirisha na mashubaka, vitunzwe kwa ajili hiyo. Mwekezaji amekubali, kwa sababu mkataba ulitamka tangu mwanzo kwamba mbao na mawe ni mali ya mwenye kiwanja na chuma chakavu ni cha mkandarasi. Mkataba wa kubomoa unaonyamaza kuhusu masalia huleta ugomvi siku lori la kwanza linapotoka.

Agosti: ukuta wa pamoja

Mwezi mzima umekwenda kwa ukuta mmoja, na naona ni sawa.

Bibi mwenye nyumba ya jirani alikuja kabla hatujamfuata. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza, "Mwanangu, huu ukuta ni wa nani?" Nilimjibu kwamba hati za kiwanja zinaupitisha mpaka katikati yake. Akasema, "Basi nusu yako ibomoe, yangu uniachie." Hapakuwa na kejeli katika sauti yake, na kitaalamu alikuwa ameeleza tatizo lote: nusu ya ukuta wa mawe haisimami.

Uamuzi tuliofikia, ukiandikwa na kukubaliwa na pande zote, ni kuuacha ukuta mzima ukiwa wake, na jengo jipya kusogezwa ndani ya kiwanja na kuwa na ukuta wake lenyewe. Mwekezaji anapoteza ukanda mwembamba wa ardhi. Alipohesabu gharama ya kujenga upya upande mzima wa nyumba ya mtu, pamoja na kumpangishia mahali pa kukaa, hakubisha.

Kabla ya kugusa boriti tulibandika vipande vyembamba vya kioo kwa jasi juu ya kila ufa uliokuwepo, ndani kwa bibi na nje upande wetu, vikaandikwa tarehe. Ukuta ukisogea hata kidogo kioo hupasuka, na hakuna anayeweza kudai kwamba ufa ulikuwa hivyo tangu mwanzo. Tulipiga picha kila chumba chake mbele ya mjukuu wake na mjumbe wa mtaa. Kisha boriti za upande wa hoteli zilikatwa kwa msumeno wa mkono, moja ikiachwa na moja ikikatwa, na mahali pa kila tatu zilizokatwa tuliegemeza mihimili ya mbao ya kimshazari iliyokita ardhini upande wetu, ili ukuta usikose wa kuuzuia hata kwa usiku mmoja. Ncha zilizobaki ndani ya ukuta hazikung'olewa. Kuzing'oa kungeacha matundu pande zote za urefu wake, na mawe ya juu yangetafuta pa kwenda.

Kioo kimoja kilipasuka. Ilikuwa kwenye chumba cha nyuma, mchana, vibarua walipokuwa wakivunja kipande cha sakafu ya saruji kilichokuwa kimeungana na ukuta. Kazi ilisimamishwa, sakafu ikakatwa mfereji kwa msumeno wa zege kuitenga na ukuta, na kioo kipya kilichobandikwa hakijapasuka hadi leo.

Upande uliobaki wazi umepigwa lipu ya chokaa na mchanga wa mtoni, bila saruji. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, kwa hiyo ilifunikwa kwa magunia mabichi dhidi ya jua na upepo wa kusi. Mafundi vijana hawakuwa wameizoea. Walioifanya vizuri ni wazee wawili walioletwa kutoka Mikindani.

Septemba: jengo la zege

Katapila limefika, na kwa watazamaji barabarani sasa ndipo ubomoaji umeanza.

Zege la nyuma lilikuwa limechoka kuliko lilivyoonekana. Mchanga uliotumika una chembe za kombe, yaani ulichotwa pwani, na chumvi yake, ikisaidiwa na hewa ya bahari, imeshambulia nondo. Kutu huhitaji nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hupasua zege kutoka ndani. Katika mihimili miwili kifuniko cha chini kilidondoka kwa kuguswa. Hii imebadilisha mpangilio. Badala ya kupandisha mashine ndogo juu ya dari, dari zote zimevunjwa kutoka chini kwa mkono mrefu wa katapila, kuanzia mwisho ulio mbali na barabara, kwanza sakafu ya juu, kisha mihimili, nguzo mwisho, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuingia ndani ya uzio wa ndani mashine ikifanya kazi. Tangu jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, vibarua wenyewe huuliza nini kinabeba nini kabla ya kunyanyua nyundo. Zamani swali hilo lilichukuliwa kuwa uvivu.

Kusi bado ni kali, na huleta vumbi moja kwa moja kwenye nyumba za nyuma yetu. Kazi nzito inafanywa asubuhi kabla upepo haujakaza, huku mabomba mawili yakimwagilia mahali katapila linapong'ata. Akina mama wanaokaanga samaki kwenye kona walihamishwa hadi ng'ambo ya barabara kwa makubaliano, na mkandarasi anawalipia banda.

Kifusi kinachukua nafasi karibu mara moja na nusu ya zege kilipokuwa kizima, jambo ambalo kila ratiba ya malori husahau. Kimetenganishwa mafungu mawili: zege na matofali, vinavyofaa kushindiliwa chini ya barabara na sakafu, na udongo wa chokaa, ambao ni laini na unafaa kujazia tu. Tipa hazitoki bila turubai, na kila dereva anarudi na karatasi iliyotiwa saini mahali alipomwaga. Sharti hili limewekwa kwa sababu njia rahisi kuliko zote katika mji huu ni kushusha mzigo kwenye mikoko ya ghuba usiku.

Oktoba: misingi, kisima na maji

Chini ya ua kulikuwa na kisima kilichofunikwa kwa bamba la zege, na karibu yake shimo la choo la zamani. Ukaribu huo unaeleza kwa nini kisima kiliachwa. Maji yake hupanda na kushuka na bahari, yakichelewa kidogo nyuma ya maji ya ghuba, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambalo karibu na mwisho wa Septemba huwa kubwa kuliko kawaida, yalipanda hadi juu ya kina cha misingi ya mawe. Kwa hiyo misingi imeng'olewa kipindi cha maji mafu tu, bahari inapopanda kidogo. Siku za bamvua tulifanya kazi za juu. Mkandarasi alitaka pampu. Pampu karibu na ukuta wa bibi ingevuta maji pamoja na mchanga laini ulio chini ya ukuta, nami nilikataa.

Shimo la choo limenyonywa, limewekwa chokaa na kujazwa. Kisima kimejazwa mawe makubwa chini, kokoto, kisha kifusi cha zege kilichoshindiliwa tabaka kwa tabaka, na mahali pake pamechorwa kwenye ramani kwa vipimo kutoka pembe mbili za kiwanja. Vigae vya vyombo na chupa chache vilivyotoka humo vimeorodheshwa na kukabidhiwa pamoja na taarifa ya mlango. Upande wa ukuta wa pamoja, misingi ya hoteli iliyoshikamana nao haikuguswa.

Mwisho wa Oktoba: makabidhiano

Kiwanja kimesawazishwa na kuwekewa mteremko kuelekea mfereji wa barabara kabla mvua hazijaanza. Vioo vitaendelea kukaa ukutani msimu mzima wa mvua na kusomwa kila mwezi na mhandisi wa jengo jipya. Mihimili ya kuegemeza haitatolewa hadi nguzo za kudumu za matofali zijengwe mahali pake, kwa gharama ya mwekezaji. Maelekezo ya mwisho kuhusu mlango bado yanasubiriwa, na ufunguo wa ghala uko kwa ofisa aliyeteuliwa na manispaa.

Sharti moja limewekwa juu ya mengine yote: ndani ya mita tatu kutoka ukuta wa pamoja hakuna mtaro wa msingi utakaochimbwa chini ya kitako cha ukuta huo isipokuwa kwa vipande vifupi, kila kimoja kikijengwa na kukomaa kabla cha pili hakijafunguliwa. Limeandikwa katika hati ya makabidhiano na kutiwa saini na mwekezaji, mkandarasi, mhandisi mshauri na bibi, ambaye alimtaka mjukuu wake amsomee kifungu chote mara mbili kabla hajaweka dole gumba.